Bangi: tukiiondolea marufuku, nani atauza na ya ukali gani?

Mjadala wa bangi ukianza tu, watu hugawanyika kambi mbili: ihalalishwe, isihalalishwe. Mimi ni mfamasia, na naona mgawanyo huo unatupotezea muda. Kati ya jela na duka kuna hatua nyingi, na kila moja ina matokeo yake.

Ureno haikuhalalisha bangi. Tangu 2001, anayekutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe hashtakiwi kwa jinai, bali hufikishwa mbele ya jopo linaloweza kumwelekeza kwenye matibabu. Muuzaji bado anafungwa. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2018 kwamba mtu mzima aachwe ailime na kuitumia faraghani, bila biashara. Uruguay ilitangulia nchi zote kuhalalisha soko lenyewe, mwaka 2013, ila dola ndiyo iliyoshika usukani: mnunuzi hujisajili, hununua duka la dawa, na hapati zaidi ya gramu 40 kwa mwezi. Kanada ikafuata 2018, ikiruhusu kampuni binafsi kuzalisha.

Kinachonisumbua zaidi mimi ni ukali. Kemikali inayolevya ndani ya bangi huitwa THC. Katika bangi iliyokamatwa Marekani, wastani wake ulikuwa kama asilimia 4 mwaka 1995. Kufikia 2014 ulikaribia asilimia 12. Ulipanda hivyo wakati marufuku ya serikali kuu ikiwapo, kwa hiyo anayedai marufuku inatulinda na bangi kali ana kazi ya kueleza. Lakini soko halali nalo lina lawama zake: limejaza rafu mafuta na nta zilizokamuliwa kutoka kwenye bangi, zenye THC zaidi ya asilimia 60, na anayetumia vitu hivyo kila siku, hasa kijana ambaye ubongo wake bado unakua, anajiongezea hatari ya kuchanganyikiwa akili.

Chukua biskuti ya bangi. Anayevuta huhisi ndani ya dakika chache. Anayekula huweza kusubiri nusu saa hadi saa mbili, kwa sababu THC lazima ipitie tumboni na kwenye ini kwanza. Mtu anakula kipande kimoja, haoni kitu, anaongeza cha pili, kisha vyote vinamlipukia kwa pamoja, moyo mbio na hofu tele. Kanada imeweka kikomo cha miligramu 10 za THC kwa pakiti nzima. Jimbo la Colorado, Marekani, huruhusu 100, zikigawanywa vipande vya 10. Sheria zote mbili ni za kuhalalisha, lakini mtoto akiikuta pakiti hiyo kabatini, tofauti ya mara kumi ndiyo itakayoamua usiku wake hospitalini.

Msimamo wangu siufichi: mtumiaji asifungwe, na muuzaji asiachiwe huru kujipangia ukali na matangazo. Faida ya biashara hii hutoka zaidi kwa wanaotumia kila siku, na hao ndio walio karibu zaidi na uraibu.

Halafu kuna waliokwisha kuhukumiwa. Kanada ilifungua maduka kwanza. Msamaha wa bure na wa haraka kwa waliopatikana na hatia ya kumiliki bangi ulikuja 2019, na hata huo ni wa kuomba. Muswada wowote nitakaoletewa, kifungu cha kuwasamehe waliohukumiwa ndicho nitakachokitafuta kwanza.