Je, wajua kwa nini wali wa kari ya Kijapani hupunguziwa maji?

Kikombe cha kupimia mchele nchini Japani huchukua mililita 180, sawa na gramu 150 hivi za mchele. Kwa wali wa kila siku, mpishi hukitilia kikombe hicho kimoja takribani mililita 200 za maji. Siku ya kari, kwa mchele uleule, hushuka mpaka 180 hivi. Ni maji ya kujaza vijiko viwili vitatu tu, lakini ndiyo yanayoamua kama wali utabaki na punje zake au utageuka bokoboko mezani, na sababu yake imo ndani ya mchuzi.

Kari iliingia Japani zama za Meiji (1868–1912) kupitia kwa Waingereza, ambao walikuwa wakiufanya mchuzi wake kuwa mzito kwa unga wa ngano. Wajapani waliishika njia hiyo, na hadi leo unga hukaangwa katika mafuta pamoja na viungo vya kari kabla ya kuchanganywa na supu ya nyama na mboga. Mchuzi huo haupenyi upesi kama mchuzi mwepesi wa nazi, bali huulalia wali na kuulainisha kidogo kidogo mlaji akiwa anaendelea kula, hivyo wali uliokwisha kushiba maji jikoni hauna nafasi ya kupokea unyevu mwingine.

Sisi tuliozoea pishori au mchele wa Kyela, tunaomsifu mpishi kwa wali uliochambuka, tungedhani dawa ni kutafuta mchele mrefu. Sivyo. Kari hii huliwa kwa kijiko, na mchuzi mzito juu ya punje zilizoachana huteleza, kila kimoja kikabaki peke yake mdomoni. Mchele mfupi wa Kijapani una amilosi kidogo, yaani ile sehemu ya wanga inayofanya punje ziachane. Katika Koshihikari, aina maarufu kuliko zote, ni asilimia 17 hivi, ilhali basmati huanzia kwenye 20 na zaidi. Kwa maoni yangu, anayeweza kuchagua achukue Sasanishiki, mchele wa mkoa wa Miyagi uliotolewa mwaka 1963, kwa kuwa hushikana kiasi tu na hauna uzito ulimini.

Kupunguza maji hakumaanishi kupika wali wenye kiini kigumu, na hapo ndipo wengi hukosea. Mchele huoshwa upesi, kisha hulowekwa nusu saa wakati wa joto au saa nzima wakati wa baridi, ili maji yafike katikati ya punje kabla ya moto kuwashwa. Ukichemka, moto hupunguzwa kwa dakika kumi na mbili hivi, kisha sufuria huepuliwa na kuachwa dakika kumi nyingine bila kufunuliwa, mvuke umalizie kazi, kama sisi tunavyopalia wali.

Ukifunua, tazama uso wa wali kwanza: ukiona vitundu vilivyotobolewa na mvuke, ambavyo Wajapani huviita mashimo ya kaa, umeiva sawasawa. Chukua mwiko bapa uliolowanishwa, ukate wali na kuugeuza kutoka chini bila kuuponda, mvuke uliobaki utoke, ndipo uupakue upande mmoja wa sahani na mchuzi upande wa pili.