Malek hakuimba, na hilo si dhambi

Kila filamu ya wanamuziki inapooneshwa Ngome Kongwe, hakosekani mtu wa kunifuata, kwa kuwa anajua napiga fidla ya taarab, akanihakikishia kwamba mwigizaji "kaimba mwenyewe". Safari hii ilikuwa zamu ya Rami Malek, aliyeigiza kama Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, katika "Bohemian Rhapsody" ya mwaka 2018, na kwa kuwa Freddie alizaliwa hapa hapa Unguja mwaka 1946, ubishi ulipamba moto kana kwamba tunagombea mirathi.

Sauti inayosikika humo kwa sehemu kubwa ni ya Freddie mwenyewe, ikichanganywa na ya Marc Martel, mwimbaji wa Kanada, na kidogo ya Malek. Tuzo ya Oscar aliyopewa Malek ni ya uigizaji. Hilo limekwisha.

Linaloniudhi ni ile dhana kwamba asiyepiga mwenyewe ametulaghai. Wimbo mmoja hupigwa picha mara nyingi, kamera ikihamishwa kutoka usoni kwenda mkononi, kisha vipande huunganishwa. Muziki ukipigwa upya kila mara, mwendo hautolingana na viungo vitasikika. Ndiyo maana muziki hurekodiwa mwanzo, ukafunguliwa mahali pa kupigia picha, na mwigizaji akaufuata. Muziki wa "Amadeus" (1984), filamu inayomhusu mtunzi Mozart, ulirekodiwa kabla, chini ya kiongozi wa okestra Neville Marriner, na Tom Hulce, aliyeigiza kama Mozart, akafanya mazoezi makali ya piano ili vidole viangukie panapostahiki. Katika "The Pianist" (2002), Adrien Brody alijifunza kupiga tungo za Chopin, lakini piano tunayoisikia ni ya mpiga piano Janusz Olejniczak.

Mimi hutazama bega. Mpigaji fidla huvuta pumzi na kunyanyua kiwiko kabla sauti haijatoka, kwa sababu upinde lazima uwe umeshaanza safari yake ndipo uzi uitike. Mwigizaji asiyefunzwa husubiri aisikie sauti ndipo atikisike, na kuchelewa huko, hata kukiwa kudogo kuliko kupepesa jicho, hunitoa kabisa ndani ya hadithi. Jamie Foxx ananishawishi katika "Ray" (2004), filamu ya maisha ya mwimbaji Ray Charles, ingawa nyimbo nyingi humo zina sauti ya Ray mwenyewe, kwa sababu amesomea piano tangu utotoni na mwili wake unatangulia.

Msimamo wangu hulegea ninapoitazama "Round Midnight" (1986), ambamo mwongozaji Bertrand Tavernier aliwaacha wanamuziki wapige kweli mbele ya kamera, na Dexter Gordon alikuwa mpiga saksafoni hasa kabla ya kuwa mwigizaji. Humo mna kusitasita ambako studio ingekufuta, na sina hakika kama ningekutambua lau nisingeambiwa.

Shaka yangu kubwa zaidi ni juu ya taarab yetu. Taksimu ya ganuni, yaani kipande ambacho mpigaji wa ala hiyo ya nyuzi nyingi hukibuni papo hapo peke yake, haina mwendo wa kuhesabu, kwa hiyo mpigaji atatakiwa aigize vidole vyake vya jana, jambo ambalo siamini hata mabingwa wetu wanaliweza. Tena mwimbaji hurudia kiitikio kadiri watu wanavyoinuka kumtunza, na hakuna rekodi inayojua bibi gani atainuka lini. Wa kutengeneza filamu hiyo atahitaji kamera kadhaa kwa pamoja, upigaji wa mara moja tu, na uvumilivu wa kuzibwa lenzi na kila anayekwenda kutunza.