Raia anaporudi kutoka kundi la kigaidi: dhana potofu na ukweli

Mjadala kuhusu watu waliovuka mipaka kwenda kujiunga na makundi kama IS (lile lililojiita Dola la Kiislamu, likatawala sehemu za Syria na Iraq) au Al-Shabaab la Somalia, kisha wakarudi kwao, huishia kwenye swali moja: wapokewe au wakataliwe? Swali hilo limetupotezea muda mwingi. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba wageni zaidi ya 40,000 kutoka nchi zaidi ya 110 walikwenda Syria na Iraq. Wako waliokufa vitani, wako waliofungwa hukohuko, na maelfu wamekwisha kurudi, baadhi yao kimyakimya kupitia njia zilezile walizoondokea. Watu hawa hurudi, serikali ipende isipende. Kilicho mikononi mwake ni kujua nani kaingia, lini, na afanywe nini.

Dhana: Wakiachwa hukohuko, nyumbani kutakuwa salama

IS ilipopoteza kipande chake cha mwisho cha ardhi huko Baghouz, Syria, Machi 2019, wageni wengi waliangukia mikononi mwa wapiganaji wa Kikurdi, ambao hawakuwa serikali ya nchi yoyote na mahakama zao hazikutambuliwa kimataifa. Kambi ya al-Hol ilifurika hadi watu zaidi ya 70,000, wengi wao wanawake na watoto. Wanaume walirundikwa magerezani bila kesi.

Januari 2022 IS ilivamia gereza moja mjini Hasakah ili kuwatoa watu wake. Mapigano yalichukua zaidi ya wiki, mamia wakauawa, na humo gerezani mlikuwa na mamia ya wavulana. Mfungwa anayetoroka katika vurugu kama zile haachi nyuma faili la kumfuatilia. Anayeletwa na serikali yake kwa ndege hushukia mikononi mwa polisi, alama za vidole zikachukuliwa, akahojiwa, jina lake likajulikana kwa kila ofisi inayohusika. Kwa usalama wa raia wa kawaida, mimi namwogopa zaidi yule wa kwanza.

Dhana: Dawa ni kumfutia uraia

Kesi inayotajwa kila mara ni ya Shamima Begum, aliyeondoka London Februari 2015 akiwa na miaka 15. Miaka minne baadaye alipatikana kambini Syria, na Uingereza ikamfutia uraia kwa hoja kwamba alikuwa na haki ya uraia wa Bangladesh kupitia wazazi wake. Bangladesh ikasema si raia wake na haitampokea. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilimkatalia mwaka 2021 kurejea nchini kupigania kesi yake, na Februari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana na serikali.

Kwa hiyo kisheria serikali ilishinda. Lakini tazama ilichoshinda: mtu aliyezaliwa na kusoma Uingereza, akashawishiwa akiwa Uingereza, akageuzwa kuwa mzigo wa nchi iliyokwisha kuharibiwa na vita. Uturuki ililalamikia jambo hilihili Novemba 2019 ilipoanza kuwarudisha makwao wafungwa wa IS, na kwa siku kadhaa mtu mmoja alinasa kwenye ardhi iliyo kati ya mpaka wake na wa Ugiriki, kila upande ukimkataa. Hatari ya mtu haiishii pale pasipoti yake inapofutwa. Inahamishiwa kwa jirani tu.

Hata hivyo, wanaodai kwamba kila raia ana haki ya kufuatwa na ndege ya serikali nao wanazidisha. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, kifungu cha 13, linampa kila mtu haki ya kurudi nchini mwake. Kufuatwa ni jambo jingine. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua hivyo Septemba 2022, katika kesi ya wazazi wa wanawake wawili wa Kifaransa waliokuwa kambini Syria: hakuna haki ya jumla ya kurudishwa, ila serikali inayokataa lazima uamuzi wake uweze kuchunguzwa na chombo huru, usiwe wa kiholela.

Dhana: Kila anayerudi amerudi kushambulia

Hofu hii haikuzuka hewani. Mtu aliyewaua watu wanne katika jumba la makumbusho la Wayahudi mjini Brussels, Mei 2014, alikuwa ametoka Syria. Baadhi ya walioua watu 130 jijini Paris Novemba 2015 pia walikuwa wamepita huko. Anayesema hatari haipo anawadharau wafu hao.

Bali walio wengi wanaorudi hawashambulii. Mtafiti wa Norway, Thomas Hegghammer, aliwachunguza watu wa nchi za Magharibi waliokwenda kupigana ng'ambo kati ya 1990 na 2010, akaona kwamba asiyezidi mmoja kati ya tisa ndiye aliyekuja kushiriki mashambulizi kwao. Mmoja kati ya tisa si haba, na ndiyo sababu kuwapima wote kwa kipimo kimoja ni hatari. Ukiwatendea wote tisa kama wauaji, askari wa kumfuatilia yule mmoja watatoka wapi?

Dhana: Akishuka tu, ni jela moja kwa moja

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na ndipo kazi ilipo ngumu. Kumshuku mtu ni rahisi. Kuithibitishia mahakama alichokifanya katika mji uliobomolewa, mashahidi wake wakiwa wamekufa au wametawanyika kambini, ni kazi ya miaka.

Chukua mwanamke mmoja wa Ujerumani. Mwaka 2016 alirudishwa kwao kutoka Uturuki, na kwa kuwa ushahidi haukutosha, akabaki huru. Mwaka 2018 alianza safari ya kurudi Syria. Dereva aliyempakia alikuwa mtoa habari, na gari lilikuwa na vinasa sauti. Njiani akasimulia maisha yake ndani ya IS, pamoja na habari za msichana wa miaka mitano wa Kiyazidi, jamii ndogo ya Iraq iliyoteswa na IS, aliyekuwa mtumwa nyumbani mwake, na ambaye mume wa mwanamke huyo alimfunga minyororo nje kwenye jua kali mpaka akafa. Mama wa mtoto yule alipatikana, akasimama mahakamani Munich akatoa ushahidi. Hukumu ilitoka Oktoba 2021, miaka 10, na Agosti 2023 ikapandishwa kuwa 14.

Bila safari ile ya pili, huenda mama yule asingepata haki yake. Ndiyo maana ushahidi unapaswa kukusanywa mapema, waathirika wakiwa bado hai na kumbukumbu zao hazijafifia. Nchi inayokataa watu wake warudi inaufunga pia mlango wa mahakama ambao mama kama huyu angeupitia.

Na hata pale hukumu inapopatikana, mara nyingi si ndefu. Mwanajeshi wa zamani wa Ireland aliyepatikana na hatia ya kuwa mwanachama wa IS alifungwa miezi 15 tu, Julai 2022. Baada ya hapo mtu anatoka. Swali la ataishije mtaani linarudi palepale.

Dhana: Serikali ikitangaza msamaha, makosa yamefutika

Tarehe 2 Aprili 2015 Al-Shabaab waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Kabla ya wiki mbili kwisha, Waziri wa Usalama wa Ndani wa Kenya, Joseph Nkaissery, aliwapa siku kumi vijana waliokuwa wamekwenda Somalia wajisalimishe, akiahidi msamaha na msaada wa kurudi kwenye maisha ya kawaida. Muda huo uliongezwa baadaye.

Nia ilikuwa njema, naamini hivyo. Msingi wa kisheria ndio uliokosekana. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012 iliendelea kuutaja uanachama wa kundi la kigaidi kuwa kosa la jinai, na kifungu cha 157 cha Katiba kinasema Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hapokei amri ya mtu yeyote, waziri akiwa mmoja wao. Ahadi ilitolewa kwa mdomo, kosa likabaki kitabuni. Mzazi aliyetaka kumpeleka mwanawe ofisini hakuwa na karatasi ya kushika.

Aliyerudi naye alikuwa na hofu mbili. Wenzake wa zamani humhesabu anayeondoka kuwa msaliti, na adhabu ya usaliti kwao ni kifo. Upande wa pili, mashirika ya haki yalikwisha kuandika habari za watu wa pwani waliouawa au kutoweka baada ya kushukiwa. Katika hali hiyo wengi waliona ni afadhali wajifiche, na aliyejificha ndiye asiyepata ushauri wala uangalizi. Msamaha wenye maana huandikwa katika sheria: unamhusu nani, unayaacha makosa gani nje, nani anatunza orodha na nani haruhusiwi kuiona.

Dhana: Programu za kuwarekebisha ni kuwabembeleza wauaji

Azimio la Baraza la Usalama nambari 2178 la Septemba 2014, lilelile lililozilazimu nchi kuifanya safari ya kwenda kujiunga na ugaidi kuwa jinai, liliagiza pia mipango ya kuwashtaki, kuwarekebisha na kuwarejesha waliorudi katika jamii. Mambo hayo yaliandikwa pamoja. Mjini Aarhus, Denmark, ambako vijana takriban 30 walikuwa wamekwenda Syria kufikia 2013, polisi na manispaa waliwapatia waliorudi washauri wa kuwaongoza, matibabu na nafasi ya kurudi masomoni. Ambaye ushahidi wa jinai ulikuwepo dhidi yake alikwenda mahakamani.

Dhana: Mtoto wa mpiganaji ni mpiganaji

Tarehe 20 Aprili 2019 Kosovo ilipokea watu wake 110 kwa mpigo kutoka Syria. Wanaume walikuwa wanne, wakakamatwa uwanjani. Wanawake walikuwa 32. Waliobaki, 74, walikuwa watoto. Kazakhstan, katika operesheni yake iliyopewa jina la mmea mchungu wa nyika za kwao, ilirudisha takriban watu 600, na zaidi ya 400 walikuwa watoto.

Wako waliozaliwa chini ya IS na kuandikiwa hati ambazo hakuna nchi inayozitambua. Wako waliobaki yatima, na serikali kadhaa zimelazimika kupima vinasaba ili zijue mtoto ni wa nani, kisha kumtafuta bibi au babu wa kumlea. Kwa watoto wa aina hii, moja ya kazi za mapema za serikali ni kuwaandikia cheti cha kuzaliwa.