Kwa nini gemu ya bure inauzwa kwa mabilioni ya dola?

Mwanjelwa, Mbeya, jioni wateja wakipungua, mama muuza sweta za mitumba hutoa simu akaanza kupanga peremende za Candy Crush. Ana maisha matano. Yakiisha, gemu inamfungia: asubiri nusu saa kwa kila uhai, au alipie. Halipi ng'o. Anarudisha simu mfukoni, anakunja sweta zake, na kesho anarudi kucheza.

Je, wajua kwamba King, kampuni yenye gemu hiyo, ilinunuliwa na Activision Blizzard, kampuni ya gemu ya Marekani, kwa dola bilioni 5.9, dili lililotangazwa mwaka 2015? Oktoba 2023 Microsoft nayo ikaimeza Activision Blizzard nzima kwa dola bilioni 68.7. Wananunua nini hasa, ikiwa mama wa Mwanjelwa hajatoa hata shilingi?

Wananunua huko kurudi kwake kesho. Wachezaji wengi hawalipi, ila wakifika mamilioni, wale wachache wanaolipa wanatosha. Asiyelipa naye anatazamishwa matangazo.

Wakulima wa Rungwe wataelewa upesi. Mche wa parachichi uliobebeshwa unaungoja miaka mitatu hivi, tena kwa kuomba Mungu. Mwenye pesa na haraka hutafuta shamba ambalo tayari linazaa. Gemu mpya ni mche wa hatari kuliko huo: Concord ya Sony ilitoka Agosti 2024, na baada ya wiki mbili tu ikaondolewa sokoni, walionunua wakarudishiwa pesa zao.

Ndiyo maana Septemba 2025 mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia na wenzake walitangaza kuinunua EA, wenye gemu ya mpira wanayogombania vijana kwenye mabanda ya PlayStation, kwa dola bilioni 55. Bilioni 20 kati ya hizo ni mkopo, na hapo ndipo roho yangu haitulii. Mkopo unadai marejesho kila mwaka, gemu ipendwe isipendwe, na njia ya haraka ya kuyapata ni kumbana mchezaji au kupunguza watu.

Januari 2024, miezi mitatu tu baada ya ununuzi ule wa dola bilioni 68.7, Microsoft ilitangaza kupunguza wafanyakazi 1,900 wa upande wa gemu. Wengi walikuwa wa Activision Blizzard, watu walioipanda miti hiyo na kuimwagilia mpaka ikazaa.