Tii za mbele: nani anafaidika akipunguza umbali wa uwanja wa gofu

Kila shimo la gofu huanzia kwenye tii, yaani kipande cha nyasi kilichosawazishwa ambapo mchezaji husimika kijiti, huweka mpira juu yake na kupiga mkwaju wa kwanza. Shimo moja huwa na tii kadhaa, nyingine karibu na grini, nyingine mbali, kila moja na alama za rangi yake. Rangi hutofautiana klabu na klabu, lakini mara nyingi nyekundu ni za mbele, nyeupe au njano za katikati, bluu au nyeusi za nyuma kabisa. Anayecheza tii za mbele anacheza shimo lilelile, lenye grini (eneo la nyasi fupi lenye kitundu cha kumalizia), bunka (mabonde ya mchanga) na bendera zilezile. Kinachopungua ni umbali. Ukijumlisha mashimo yote 18, tofauti kati ya tii za nyuma na za mbele inaweza kufika yadi 1,000 au zaidi (yadi moja ni pungufu kidogo ya mita).

Je, mchezaji wa ridhaa, yule anayelipa ada yake mwenyewe na kucheza Jumamosi asubuhi na wenzake, anafaidika akisogea mbele? Ndiyo, na kwa wengi faida ni kubwa kuliko wanavyodhani. Ila haipo pale wanapoitafuta kwanza, kwenye kadi ya matokeo.

Tazama umbali ambao watu wanapiga kweli. Vipimo vya R&A, ambao pamoja na USGA ya Marekani ndio wanaosimamia sheria za gofu duniani, vilionyesha mwaka 2019 kwamba wanaume wa ridhaa nchini Uingereza walipiga draiva, fimbo ya kupigia mbali zaidi, kwa wastani wa yadi karibu 216. Wanawake walikuwa karibu na 150. Wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour hupiga karibu 300. Sasa chukua uwanja wa yadi 6,600, urefu ambao wanaume wengi wa ridhaa huukubali bila kuuliza. Kwa mtu wa yadi 216, kazi hiyo inalingana na kumpa mchezaji wa yadi 300 uwanja wa zaidi ya yadi 9,100. Mashindano yao hayana uwanja wa namna hiyo. Erin Hills ya Wisconsin, iliyoandaa US Open ya mwaka 2017 ikiwa ndefu kuliko viwanja vyote vilivyotangulia katika mashindano hayo, ilikuwa na yadi 7,700 na ushee. Kwa hiyo mtu wa wikiendi anajitwika mzigo ambao waandaaji wa US Open hawajawahi kuwatwika mabingwa.

Mzigo huo unaonekana kwenye mkwaju wa pili. Chukua shimo la pa 4, yaani linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju minne, lenye yadi 420. Mtu wetu akipiga draiva yake vizuri kabisa, bado ana yadi 204 mbele yake. Anatoa fimbo ndefu kuliko zote zilizobaki mkobani, mpira unakwenda chini chini, unatua kabla ya grini au unapotelea pembeni. Mfikishe kwenye tii inayolifanya shimo hilo kuwa la yadi 360 na draiva ileile inamwachia 144. Hapo anashika fimbo ya chuma ya katikati, mpira unapaa, unatua kwenye grini na unasimama. Aliyechora uwanja alikusudia mkwaju huo: aliweka bunka upande wa kushoto wa grini ili mchezaji afikirie kulia, na akainua ukingo wa nyuma ili mpira uliopigwa vizuri usivuke. Mtu wa yadi 204 haoni lolote kati ya hayo. Yeye anapambana na umbali tu, shimo baada ya shimo, kwa fimbo zilezile mbili. Hii ndiyo faida ninayoithamini kuliko zote: ukisogea mbele unaanza kuucheza uwanja wenyewe, na fimbo zote za mkobani zinapata kazi.

Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia aliyechambua idadi kubwa sana ya mikwaju ya wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa, aligundua kwamba karibu theluthi mbili ya tofauti ya matokeo kati ya wachezaji hutokana na mikwaju ya zaidi ya yadi 100 kutoka kwenye shimo. Wengi tulifundishwa kwamba mikwaju hupotelea kwenye grini. Hupotelea huko pia, lakini sehemu kubwa inapotea mbali zaidi, na tii za mbele zinagusa hapohapo.

Je, kwa mikwaju mingapi? Utaratibu wa kukadiria ugumu wa viwanja unatoa jibu zuri. Unatumia wachezaji wawili wa kufikirika: mchezaji wa skrachi, asiyehitaji nyongeza yoyote ya mikwaju, na mchezaji wa bogi, ambaye handikapu yake, yaani mikwaju ya nyongeza anayopewa ili ushindani uwe sawa, ni karibu 20 kwa wanaume na karibu 24 kwa wanawake. Ukitazama umbali peke yake, kila yadi 220 zinazopungua humwokolea mwanamume wa skrachi mkwaju mmoja. Mwanamume wa bogi huokoa mkwaju mmoja kwa kila yadi 160. Kwa wanawake ni yadi 180 na 120. Punguza yadi 600 basi: mwanamume hodari anapata chini kidogo ya mikwaju mitatu, wa bogi anakaribia minne, mwanamke wa bogi anapata mitano. Aliye dhaifu zaidi ndiye anayefaidika zaidi. Lakini tazama ukubwa wa namba zenyewe. Anayetarajia kushuka kutoka mikwaju 100 hadi 85 kwa kubadilisha tii atavunjika moyo.

Halafu handikapu inairudisha faida hiyo ilikotoka, na ni haki irudishe. Kila tii iliyokadiriwa ina kadirio lake, yaani matokeo yanayotarajiwa kwa mchezaji wa skrachi, na ina slopu, namba kati ya 55 na 155 inayoonyesha uwanja unavyomzidia ugumu mchezaji wa kawaida. 113 ndiyo slopu inayochukuliwa kuwa ya kawaida. Chini ya mfumo wa handikapu wa dunia ulioanza mwaka 2020, unazidisha handikapu yako kwa slopu, unagawa kwa 113, kisha unaongeza tofauti kati ya kadirio na pa ya uwanja. Tuseme una handikapu 20 kwenye uwanja wa pa 72. Tii za nyuma zina kadirio 71.8 na slopu 131: unapewa mikwaju 23. Za mbele zina 68.6 na 121: unapewa 18. Kwa hiyo ukipiga 90 kutoka mbele, ni sawa na 95 kutoka nyuma. Kwa hesabu hii, hoja kwamba mtu wa tii za mbele anajipendelea haina msingi. Hesabu hiyohiyo inawaruhusu baba wa miaka 70 na binti yake anayepiga yadi 240 kucheza pamoja, kila mmoja kwenye tii yake, na kushindana kwa haki hadi shimo la mwisho.

Mwaka 2011 USGA na PGA of America walianzisha kampeni ya kuwahimiza watu wasogee mbele, kwa wazo la Barney Adams, mtengenezaji wa fimbo za gofu. Kampeni hiyo ilitoa mwongozo rahisi: anayepiga draiva yadi 250 acheze uwanja wa yadi 6,200 hadi 6,400, wa 225, yadi 5,800 hadi 6,000, wa 200, yadi 5,200 hadi 5,400, wa 175, yadi 4,400 hadi 4,600, wa 150, yadi 3,500 hadi 3,700. Zipo pia klabu zinazotumia njia ya mkato: chukua umbali unaoupata kwa fimbo ya chuma namba 5, zidisha mara 36. Anayeipiga fimbo hiyo yadi 150 anapata 5,400, na majibu ya njia zote mbili yanakaribiana. Sharti ni kusema ukweli kuhusu umbali wako. Tumia wastani wa mikwaju ya kawaida, pamoja na ile iliyokwenda kombo. Ule mmoja mzuri wa mwezi uliopita uache kando.

Rudi kwenye mstari wa yadi 150 wa mwongozo huo, kwa sababu una uzito. Mwanamke wa yadi 150 anahitaji uwanja wa yadi 3,700, na viwanja vingi vimempa tii nyekundu za yadi 5,000 na zaidi. Alice Dye, mchezaji hodari wa Marekani na mchoraji wa viwanja, alitumia miaka mingi kudai wanawake wapewe tii zaidi ya moja, tena zilizochorwa kwa uangalifu kama zile za wanaume. Alifariki mwaka 2019, na dai lake bado linahitajika kwenye klabu nyingi. Tabia ya kuziita nyekundu "tii za kina mama" inaumiza pande mbili: mwanamume anayezihitaji anaona aibu, na mwanamke hana pa kusogea tena. Tii ichaguliwe kwa umbali ambao mpira wako unakwenda. Jinsia na umri viachwe nje ya hesabu.

Kwa wachezaji wa huku kwetu kuna mambo mawili ya kuongeza. La kwanza ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira unakwenda mbali zaidi kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Mtu wa pwani akipanda kucheza kwenye uwanja wa Muthaiga, Nairobi, anaweza kumudu tii ndefu kidogo kuliko za kwao. La pili ni mvua. Masika yakikolea, mpira unakaa pale ulipotua, na kwenye nyanda za juu za Kenya nyasi nene ya kikuyu huukamata mapema hata wakati wa kiangazi. Uwanja uliokufaa Januari unaweza kukuzidi Aprili. Hakuna sheria inayokukataza kubadilisha tii kwa majira.

Wako wasiofaidika sana. Anayepiga mbali lakini ovyo anaweza kukuta bunka zilizokuwa mbali sasa ziko palepale mpira wake unapotua. Huyo ajifunze kuacha draiva mkobani. Kijana anayejiandaa kwa mashindano ya tii za nyuma lazima azizoee. Na anayepoteza mikwaju kwenye grini, kwa kuviringisha mpira mara tatu kutoka hatua chache, hatapata dawa yake kwenye tii. Lakini kwa anayeanza sina shaka yoyote. Mpango wa mafunzo wa Marekani uitwao Operation 36 humwanzisha mwanafunzi yadi 25 kutoka kwenye grini, mashimo tisa, na hasogei nyuma hadi apige 36 au pungufu; kisha 50, 100, 150, 200, na mwisho tii zenyewe. Anajifunza kwanza kumaliza shimo, umbali unakuja baadaye.

Kama unataka kujaribu wiki hii, soma kadi ya klabu kabla hujatoka. Tii unayoitaka iwe na kadirio na slopu kwa jinsia yako, kwa sababu namba za wanaume na za wanawake hutofautiana hata kwenye tii moja. Zisipokuwepo, mwombe katibu wa klabu apeleke ombi kwa shirikisho la gofu la nchi tii hiyo ikadiriwe, na kwa sasa cheza bila kuandika matokeo ya handikapu.