Farasi aliyeletewa minyoo kwa baiskeli

Farasi mwenyewe alikuwa hatoki bandani. Hilo mwenye mali alilirudia mara tatu siku aliyoniita mimi, daktari wa mifugo, huku Arumeru ya chini, nilipotaja minyoo ya ini: halishwi nje, hachangamani na ng'ombe wa mtu, na kila baada ya miezi michache anapewa dawa ya minyoo, ivermektini. Sasa minyoo ya ini itoke wapi?

Nakiri miaka yangu ya mwanzo ningemkubalia, nikaandika upungufu wa damu, nikaacha chupa ya vitamini na kwenda zangu. Alikuwa farasi jike wa kahawia, nywele zimesimama bila mng'ao, mbavu zinahesabika, fizi zimepauka. Akipandwa nusu saa anasimama, hataki tena. Homa hana, macho si ya njano, na chakula anakula vizuri tu.

Hiyo ivermektini tuiweke pembeni kabisa. Ni dawa nzuri kwa minyoo ya mviringo, lakini mbele ya minyoo bapa ya ini ni sawa na maji. Huku tambarare tunaye Fasciola gigantica, ana umbo la jani jembamba na hufika sentimita 7. Kwenye nyanda za baridi kama Kitulo yuko mwenzake mfupi zaidi, Fasciola hepatica. Wote wawili wanaishi kwenye mirija ya nyongo.

Nikachukua kinyesi. Mayai ya minyoo hii ni mazito, hayaelei kwenye maji ya chumvi kama ya minyoo mingine, kwa hiyo unayatafuta chini. Unaponda kinyesi ndani ya maji, unachuja kwa chujio la chai, unaacha kitulie dakika kama tano, unamwaga maji ya juu, unaongeza mapya. Unarudia hivyo mpaka maji yang'ae. Kisha tone la rangi ya bluu: vipande vya majani vinakuwa bluu, yai linabaki na rangi yake ya dhahabu. Ni kazi inayotaka subira. Nilirudia siku tatu tofauti, nikaona bluu tupu.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Kwa ng'ombe au kondoo, kinyesi kitakusimulia mengi. Farasi si mwenyeji mzuri wa minyoo hii. Vijana wa minyoo wakishamezwa, wanatoboa utumbo, wanavuka tumbo, wanaingia kwenye ini na kulichimba kwa wiki nyingi wakitafuta mirija. Kwa farasi, wengi hufia njiani. Wachache wanaofika huchukua zaidi ya miezi mitatu tangu kumezwa kabla ya kutaga, na wengine hawatagi kabisa. Lakini ini limeshachimbwa. Tunasema maneno makali hukata maini. Hawa hukata ini bila mafumbo.

(Mwanafunzi akiniuliza mbona hajaona kifuko cha nyongo kwenye mzoga wa farasi, namwambia asijisumbue. Farasi hana, punda naye hana. Mirija ipo, na minyoo haihitaji zaidi ya hiyo.)

Kipimo cha damu kilisema zaidi kidogo. Kimeng'enya cha GGT, kinachopanda mirija ya nyongo ikiumizwa, kilikuwa juu sana. Ila GGT haitaji jina la mhalifu. Mimea fulani ya jamii ya marejea ina sumu inayoharibu ini la farasi vilevile, hivyo nilianza kupekua hori jani kwa jani. Niko katika kazi hiyo ndipo kijana wa majani akaingia na baiskeli, mzigo nyuma, maji yanachuruzika mpaka kwenye mnyororo.

"Haya umeyakata wapi, mdogo wangu?"

"Kule kwenye majaruba, daktari. Kiangazi hiki kijani kipo huko tu."

Nikapanda bodaboda nikamfuata. Mfereji wa kutolea maji ya mpunga, maji yanakwenda taratibu, ng'ombe wanakunywa hapohapo na kinyesi chao kinaingia humo. Nilichota konokono kwa chujio, maana minyoo ya ini hukulia kwanza ndani ya konokono. Ukimshika ncha juu, mdomo ukikutazama, yule wa minyoo ya ini mdomo wake uko kulia. Wa kichocho cha mkojo uko kushoto. Nilipata wote wawili mfereji mmoja. Minyoo michanga ikitoka kwa konokono hujibandika kwenye shina la jani, hasa sehemu ya chini karibu na maji, ikajifunika ganda na kusubiri mlaji. Na kijana, ili mzigo ujae, alikuwa anakata chini kabisa.

Nikapitia machinjioni jioni. Muuza nyama alicheka: maini ya ng'ombe wa huko majarubani, alisema, kila siku mkaguzi anayakataa, mirija imekuwa migumu hata kisu kinakwaruza.

Kwangu huo ulitosha kuwa ushahidi, ingawa hakimu mkali angebisha. Nilitumia triklabendazoli, inayoua hata minyoo michanga. Huku tunaizoea kwa ng'ombe, farasi hajaandikwa kwenye lebo, na mwenye mali nilimweleza hivyo kabla ya kufungua chupa. Usijaribu mwenyewe dawa yoyote ya ng'ombe iliyoko dukani: nyingine zimechanganywa na levamisoli, ambayo kwa farasi nafasi kati ya dozi na sumu ni finyu, na klosanteli, dawa nyingine ya minyoo, ikizidi imewahi kupofusha kondoo na mbuzi. Uzito niliupata kwa utepe: mzunguko wa kifua mara wenyewe, mara urefu wa mwili, gawa kwa 11,900. Kifua sentimita 160, urefu 150, basi kilo 323 hivi.

Majani hatukuyakataza, maana kiangazi angekula nini? Kijana sasa anakata juu, mbali na maji, na yanaanikwa juani siku kadhaa mpaka yakauke kabla ya kuingia horini.

Baada ya miezi mitatu nilirudia kinyesi. Bluu tupu, kama mwanzo. Kifua sentimita 167.