Je, wajua kwa nini pande za pembetatu mraba hubadilishana majina?

Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Ukipita kwenye mashamba ya Hombolo au Mpunguzi, pale mizabibu ilipotandazwa juu ya waya, itazame nguzo ya mwisho wa mstari. Mzigo wote wa mstari huivuta ielekee shambani, hivyo hushikiliwa kwa waya mwingine unaoshuka mshazari hadi kwenye jiwe lililofukiwa. Tuseme nguzo imesimama wima (wapo wanaoilaza kidogo kwa nje, lakini hao watatuharibia hesabu). Hapo una pembetatu mraba: nguzo ya mita 1.5, ardhi mita 2 na waya mita 2.5.

Sasa, upande mkabala ni upi? Swali halina jibu mpaka utaje pembe.

Pembe ya nyuzi 90 iko pale nguzo inapoingia ardhini, na haihami. Upande unaoitazama, yaani ule waya, ndio haipotenusi. Kwa kuwa pembe mraba ni moja tu, haipotenusi nayo ni moja, na siku zote ndiyo ndefu kuliko zote, kwa sababu upande mrefu hutazamana na pembe kubwa. Zilizobaki ni pembe mbili kali, yaani zilizo chini ya nyuzi 90, na hapo ndipo majina yanapoanza kuhama.

Jifikirie umechuchumaa kwenye jiwe. Pande mbili zinakugusa: waya na ardhi. Usiokugusa ni nguzo, basi nguzo ndiyo mkabala wako, na ardhi ndiyo jirani. Panda sasa juu ya nguzo. Kinachokugusa ni waya na nguzo yenyewe. Ardhi iko mbali huko chini, nayo imekuwa mkabala. Hakuna kilichohamishwa shambani isipokuwa wewe.

Mtego uko kwenye huo ujirani. Haipotenusi nayo inagusa pembe yako, kwa hiyo mwanafunzi anayeambiwa “jirani ni upande ulio karibu na pembe” ana haki ya kuchanganyikiwa. Nashauri utaratibu huu: anza na haipotenusi uiweke kando, kisha tafuta mkabala, unaobaki ndio jirani. Mtego wa pili hutokana na michoro yetu ya ubaoni, ambayo karibu yote ina upande mmoja uliolala na mmoja uliosimama. Mtoto hukariri kwamba uliolala ni jirani na uliosimama ni mkabala. Pindua karatasi kidogo tu, wimbo wote wa SOTOCA-HAH, ule wa kukumbukia uwiano wa pande (sain, tanjenti na kosain), unamtupa, ingawa ameukariri barabara.

Kuhama huku kwa majina kuna faida yake. Kwenye jiwe, pembe ni karibu nyuzi 37, na sain yake ni mkabala kwa haipotenusi: 1.5 gawanya kwa 2.5, yaani 0.6. Juu ya nguzo, pembe ni karibu nyuzi 53, na kosain yake ni jirani kwa haipotenusi: tena 1.5 kwa 2.5. Ni nguzo ileile na waya uleule, vikisomwa kutoka kona mbili. Ndiyo maana sain ya pembe kali yoyote ni sawa na kosain ya ile inayokamilisha nyuzi 90.

Mpimaji ndiye huchagua kona. Fundi wa kenchi huhesabu mwinuko wa paa kuanzia chini. Eratosthenes, mtaalamu wa Kigiriki aliyekadiria mzingo wa dunia katika karne ya 3 kabla ya Kristo, aliitumia pembe ya juu, kati ya kijiti na mwale wa jua, kwa hiyo kivuli ndicho kilichokuwa mkabala. Pale Alexandria, Misri, pembe hiyo ilikuwa sehemu 1 kwa 50 ya duara, saa ambayo kule Syene (Aswan ya leo), kusini mwa Misri, jua lilikuwa utosini.

Dodoma, iliyo nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, nayo hupata jua la utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba. Adhuhuri ya siku hizo nguzo iliyo wima haina kivuli: mkabala ni sifuri, haipotenusi na jirani vimelaliana, sain ni 0 na kosain ni 1.